Masomo Matatu ya Gredi ya 9: Mzazi wa Nairobi na Maandalizi ya Chuo Kikuu

Mzazi aliyesoma chini ya 8-4-4 ana kumbukumbu moja inayompotosha: kwamba mambo ya chuo kikuu huanza kufikiriwa kidato cha nne. Chini ya mfumo ule hakuwa amekosea sana. Kila mwanafunzi alilazimika kuendelea na Kiingereza, Kiswahili, Hisabati na angalau sayansi mbili hadi KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa hiyo hata asiyekuwa na mpango wowote alifika mwisho akiwa na milango kadhaa iliyo wazi. Mfumo ulimlinda.

Mtaala wa umilisi haumlindi hivyo. Mwanafunzi huchagua mkondo na masomo matatu ya kujikita akiwa gredi ya 9, mara nyingi akiwa na miaka 14 au 15, kabla hata ya kukanyaga sekondari pevu, yaani gredi ya 10 hadi 12. Anaweza kuingia gredi ya 10 bila somo hata moja la sayansi, na akagundua akifika gredi ya 12 kwamba kozi anayoitamani inadai Kemia. Kwa hiyo kazi ya mzazi mwenye mtoto wa gredi ya 7, 8 au 9 ni kuhakikisha kuwa siku ya kuchagua ikifika, mtoto anachagua kwa kujua, na ana msingi wa kuyabeba aliyoyachagua.

Hesabu inavyopigwa

Nafasi ya gredi ya 10 haitegemei mtihani mmoja. KPSEA ya gredi ya 6 huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA ya mwisho wa gredi ya 9 asilimia 60. Chukua mtoto aliyepata 45 kwa mia gredi ya 6, akapata 70 katika tathmini za shuleni, kisha 75 katika KJSEA. Alama zake ni 9, 14 na 45, jumla 68. Ile 9 ya kwanza haibadiliki tena. Zile 14 zilikusanywa kidogo kidogo kwa miaka miwili, wakati wengi nyumbani walikuwa wakisema mtihani bado uko mbali.

KJSEA yenyewe ina masomo tisa: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Kilimo, Masomo ya Awali ya Kiufundi, Masomo ya Jamii, Elimu ya Dini, na Sanaa Bunifu na Michezo. Kila somo lina viwango vinane. Cha juu kabisa, EE1, ni alama 90 hadi 100 na humpa mtoto pointi 8. EE2 huanzia 75, ME1 huanzia 58, ME2 huanzia 41, na kadhalika hadi BE2 yenye pointi 1. Aliyepata EE1 kila mahali ana pointi 72. Lakini jumla hiyo inaficha mengi. Mtoto mwenye pointi nyingi kwa sababu ya Dini, Masomo ya Jamii na Sanaa, huku Hisabati na Sayansi Jumuishi zikichechemea, hana msingi wa STEM, hata jumla yake ikimfurahisha babu kijijini. Ukipokea ripoti, soma somo moja moja kwanza, jumla baadaye.

Anza na kozi, rudi nyuma hadi gredi ya 9

Sekondari pevu ina mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Ndani ya mkondo, mwanafunzi huchukua masomo matatu pamoja na ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Hisabati nayo imegawanywa. Walio STEM hufanya Hisabati nzito, ambayo kwenye orodha rasmi inaitwa Core Mathematics. Wengine hufanya ile nyepesi, Essential Mathematics. Mgawanyo huo ni mkubwa kuliko unavyosikika, kwa sababu ukifikiria shahada inayotegemea hesabu nyingi, ni vigumu kuona itakavyomchukua mtu aliyeacha Hisabati nzito.

Kosa la kawaida ni kuchagua mkondo kwa jina na kusahau masomo. "Mtoto wangu yuko STEM" haitoshi. STEM ina michanganyiko mingi, na mingine haina Fizikia, mingine haina Kemia. Njia salama ni kurudi nyuma. Muulize mtoto ataje kozi tatu anazoziwazia, hata kama zinagongana. Kisha tazameni pamoja masharti ambayo KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, huweka kwa kozi hizo kwa wanafunzi wa KCSE. Idara hiyo hupima masomo manne yanayohusiana na kozi, yenye uzito wa juu wa pointi 48. Udaktari hudai Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Uuguzi unaelekea huko huko. Uhandisi husimama juu ya Hisabati, Fizikia na Kemia. Sheria huangalia sana lugha. Masharti ya wahitimu wa kwanza wa mtaala mpya, watakaomaliza gredi ya 12 mwaka 2028, yataandikwa kwa lugha yake, lakini mwili wa binadamu hautaacha kuwa kemia, na daraja halitajengwa bila fizikia. Yachukulie masharti ya KCSE kama dira.

Ukishaandika kozi tatu na masomo yake kwenye karatasi moja, tafuta somo linalojirudia. Mara nyingi ni Kemia. Anayesitasita kati ya uuguzi, kilimo na famasia akichukua Biolojia, Kemia na Kilimo hajajifungia mahali popote kati ya hapo. Akichukua Biolojia, Kilimo na Sayansi Kimu kwa sababu rafiki zake wamechukua hayo, amefunga milango miwili kabla ya kugonga.

Kwa maoni yetu, asiyejua kabisa anachotaka, na ambaye Hisabati yake ni nzuri, aelekee STEM. Kutoka huko kwenda biashara au sheria kunawezekana. Kurudi ni kugumu. Lakini hilo halimhusu mtoto ambaye kipaji chake kiko wazi kwingine. Kumsukuma mchoraji au mwandishi hodari kwenye Fizikia ili jirani asikie STEM ni kumnunulia gredi mbovu kwa bei ya miaka mitatu.

Hisabati ndiyo hupasuka kwanza

Watoto wengi wanaoshindwa na Hisabati gredi ya 8 hawakushindwa gredi ya 8. Waliachwa nyuma gredi ya 5 au ya 6, kwenye sehemu, namba hasi au uwiano, na aljebra ikaja kulianika lile pengo. Jaribio la dakika kumi linatosha kulipata. Mpe haya bila kikokotoo:

Robo tatu gawanya kwa nusu. 
Anza na 7 hasi, jumlisha 12, kisha utoe 9. 
Asilimia 15 ya shilingi 2,400. 
Tafuta x: 3x − 5 = 16. 
Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 4 ni kilomita ngapi?

Majibu ni 1½, −4, shilingi 360, x ni 7, na kilomita 2. (Swali la pili ni −7 + 12 − 9, lisome kwa sauti, maana kusikia na kuandika namba hasi ni sehemu ya jaribio.) Usiangalie jibu pekee. Mwambie aeleze njia. Akikwama kwenye sehemu, rudi kwenye kitabu cha gredi ya 5 bila kumwaibisha, dakika 25 kwa siku, siku nne kwa wiki. Maswali sita yaliyoelezwa vizuri yana faida kuliko thelathini yaliyonakiliwa.

Hapa ndipo tuisheni nyingi hutia hasara. Mwalimu wa ziada huendelea na mada ya wiki hii, kwa sababu ndiyo mzazi anayoiona kwenye daftari, ilhali ufa uko ghorofa mbili chini. Ukimlipa mtu, mpe matokeo ya jaribio lako na umwambie aanzie pale mtoto alipoanguka.

Sayansi bila maabara

Madarasa mengi ya sekondari msingi ya umma yako ndani ya shule za msingi, na maabara ni chache. Mtoto anaweza kufika gredi ya 9 akiwa amesoma asidi na besi bila kuona rangi ikibadilika. Jikoni pako panaweza kusaidia. Nunua kabichi nyekundu, nusu inatosha. Ikatekate, ichemshe dakika kumi katika maji nusu lita, chuja. Gawa maji hayo ya zambarau katika glasi tano. Ya kwanza tia ndimu, ya pili siki, ya tatu magadi kidogo yale ya kuivishia githeri, ya nne maji ya sabuni ya kipande, ya tano iache. Asidi hugeuza maji kuwa ya waridi au mekundu. Besi huyapeleka kwenye buluu au kijani. Ukitumia maji mengi kupita kiasi rangi hupauka na mtoto haoni tofauti, kwa hiyo usizidishe.

Lakini rangi ndiyo sehemu ndogo. Kabla hujatia kitu, mtoto aandike anachotarajia. Baada yake aandike alichoona. Mwisho, aeleze sababu. Ripoti za maabara za chuo hujengwa juu ya mazoea hayo matatu, na hakuna anayeyapata kwa kukariri.

Kuhusu lugha, kuna dharau moja ya Nairobi inayogharimu watu pointi. Wazazi wengi hujivunia Kiingereza cha mtoto na kucheka Kiswahili chake. Katika kozi nyingi, KUCCPS hukubali Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo mwenye nguvu katika zote mbili ana akiba anayoweza kuitumia. Mpe tahariri ya gazeti la Taifa Leo mara moja kwa wiki, aifupishe kwa maneno 60 bila kunakili sentensi. Wiki inayofuata afanye hivyo kwa Kiingereza. Sheng si adui hapa. Tatizo huja pale mtoto anapokuwa na lugha moja tu ya kuandikia kila kitu.

Vitabu si lazima uvinunue. Maktaba ya McMillan iko Banda Street katikati ya jiji, na matawi yake yako Kaloleni na Makadara. Maktaba ya Taifa iko Upper Hill. Kwa anayeishi chumba kimoja na ndugu wanne, utulivu wa maktaba ni wa thamani kuliko vitabu vyenyewe.

Miradi ya shule na alama zinazopotea

Alama za tathmini ya shuleni hutokana na kazi na miradi ambayo mwalimu huisimamia na kuipeleka kwenye mfumo wa KNEC, Baraza la Mitihani. Mambo mawili huharibika. La kwanza ni mzazi kufanya mradi mwenyewe, au kumpa fundi autengeneze, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Mwalimu humwuliza mtoto kwa nini alitumia waya huu na si ule, na mtoto hutazama dari. Bora mradi uliopinda ambao mtoto anaweza kuueleza. Kazi yako ni vifaa na muda: uliza mwanzoni mwa muhula miradi gani inakuja, ununue mapema, umwache akosee.

La pili ni uhamisho. Nairobi watu huhama mtaa kwa kodi ya nyumba tu, na mtoto hubadilisha shule katikati ya mwaka. Kabla ya kuondoka, iulize shule kama alama zote za mwaka huo zimeingizwa, uchukue barua ya uhamisho na namba yake ya tathmini ya KNEC, kisha uhakikishe shule mpya imempokea kwenye mfumo kwa namba hiyohiyo. Kufuatilia alama zilizopotea baada ya mwaka mmoja, na mwalimu mhusika amehamishiwa kaunti nyingine, ni kazi ya kukata tamaa.

Zile ripoti za karatasi zihifadhi pia, hasa ya gredi ya 9. Vyuo vya Marekani huomba rekodi ya masomo kuanzia gredi ya 9 hadi ya 12, na shule haziwi na nakala kila mara.

Chuo kionekane

Mzazi wa Nairobi ana bahati ambayo wa Wajir hana: vyuo viko umbali wa matatu moja au mbili. Chuo Kikuu cha Nairobi peke yake kimetawanyika, sayansi Chiromo, sheria Parklands, kilimo na tiba ya mifugo Kabete. Chuo Kikuu cha Kenyatta na JKUAT viko barabara ya Thika, Strathmore kiko Madaraka, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kiko Haile Selassie. Nenda siku ya masomo. Mahafali huonyesha joho tu. Piga simu kwanza, beba kitambulisho cha getini, na umtafute mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili. Mtoto mwenyewe amuulize: ni somo gani la sekondari unalolijutia kuliacha? Ni kipi kilichokushinda muhula wa kwanza? Kwa wiki uko darasani saa ngapi, na unasoma peke yako saa ngapi?

Ongeza ziara ya chuo anuwai, kwa mfano Kabete National Polytechnic. Wazazi wengi hutaja vyuo hivyo kama adhabu, na watoto husikia. Diploma ya umeme au ya maabara ni njia halali ya kufikia shahada baadaye, na humwacha mtu na ujuzi mkononi hata kabla ya shahada. Anayeijua njia hiyo mapema haporomoki siku ambayo alama hazikufika.

Pesa na karatasi

Kuanzia Januari ya gredi ya 7 hadi Desemba ya gredi ya 12 ni miezi 72. Shilingi 3,000 kwa mwezi ni 216,000 kabla ya faida yoyote. Ukianza gredi ya 10, pesa hiyohiyo inafika 108,000. Mahali pa kuiweka panategemea nidhamu yako. Hazina za soko la fedha hukuruhusu kutoa pesa upesi, na faida yake hukatwa kodi ya asilimia 15. Wepesi huo ndio unaowapoteza wanaochota kila mwezi ukiwa mgumu. Akiba za SACCO kwa kawaida hazitoki hadi ujiuzulu, ila unaweza kukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba, jambo linalofaa karo ya mwaka wa kwanza. Hatari yake ni kumdhamini mwenzako: akiacha kulipa, akiba ya mtoto ndiyo inayoshikwa. Hati fungani za serikali hununuliwa kupitia DhowCSD ya Benki Kuu kuanzia shilingi 50,000. Bima za elimu zisome kwa makini kabla ya kusaini, maana ukiacha kulipa katika miaka ya mwanzo unaweza kurudishiwa kidogo sana au usirudishiwe chochote.

Karatasi ni rahisi kuliko pesa na bado ndizo huwakwamisha wengi. Cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi, na majina yake yafanane herufi kwa herufi na yale shule iliyoyaandikisha KNEC. Mpangilio tofauti, jina la baba lililoachwa, au "Mohamed" na "Mohammed", huonekana kitu kidogo hadi HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, au idara ya vitambulisho ianze kuuliza. Marekebisho ya cheti huanzia eCitizen. Yafanye kabla shule haijamwandikisha mtoto kwa KJSEA, kwa sababu kurekebisha jina likishachapishwa kwenye matokeo ni safari ndefu zaidi. Mzazi mmoja akiwa amefariki, cheti cha kifo kitafutwe sasa. Maombi ya basari na mikopo hukidai.

Mtoto akifikisha miaka 13, mfungulie barua pepe yenye majina yake halisi, si "princess254". Ifungueni nyumbani, nywila iandikwe kwenye daftari la familia, na namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe yako. Anayefunguliwa na mhudumu wa saiba huondoka bila nywila, na siku ya maombi hukuta ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwenye simu asiyoijua.

Siku ya kuchagua shule

Gredi ya 9 mtoto huchagua shule 12: tisa za bweni, tatu kati yake zikiwa za kaunti yake na sita za nje, pamoja na tatu za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi. Shule zimepangwa C1 hadi C4, na mbio zote ni za C1, zile zilizokuwa za kitaifa. Kabla ya jina la shule, angalia kama inafundisha mchanganyiko wa masomo matatu mnaoutaka. Kila shule lazima iwe na STEM, lakini hakuna inayofundisha kila mchanganyiko. C2 au C3 yenye Kemia, mwalimu wake na maabara inayotumika ni bora kuliko C1 itakayomgeuza mtoto kwenye somo asilolitaka. Na zile tatu za kutwa zisijazwe ovyo, kwani baadhi ya watoto huishia huko, na msongamano wa Nairobi unaweza kumla mtoto saa tatu kila siku. Pandeni matatu hiyo asubuhi moja ya Jumatatu, mpime muda.

Mara nyingi shule ndiyo huingiza chaguo kwenye mfumo. Nenda na orodha iliyoandikwa, simama karibu na mwalimu anapoingiza, soma msimbo wa kila mchanganyiko kwenye skrini badala ya jina tu, kisha omba nakala iliyochapishwa. Kosa likionekana siku hiyo, hurekebishwa kwa dakika mbili.